Barua Iliyobaki Kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kanieleza bila kupindisha: moyo umechoka, tuhesabu wiki. Sawa. Kichwa bado kizima. Kinachoninyima raha ni barua iliyo kwenye kompyuta nyumbani, nusu imeandikwa, pamoja na picha za kurasa za daftari la vipimo vya mvua. Lazima niimalize mwenyewe na kuituma kwa idara yetu ya zamani, wamsafishe mtu jina. Muuguzi anasema zipo programu za simu za kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Kaniwekea tatu. Nitazipambanisha!

Jumanne, 4 Machi

Nyumbani yupo shemeji peke yake, mdogo wa marehemu mume wangu. Nimempigia aiwashe kompyuta na kuweka programu zote tatu. Namba za kuunganisha alinisomea polepole, kama karani anayeita wagonjwa. Akauliza, hivi nimelazwa au nimeajiriwa? Nikamwambia natafuta picha za harusi. Uongo mwingine — kwa umri huu!

Ya kwanza: picha safi, lakini inakatika kila baada ya dakika tano. Ya pili haikatiki, ila lazima uguse palepale unapotaka kufungua, na kidole changu kinatetemeka. Nimefungua kikokotoo mara nne.

Jumatano, 5 Machi

Oksijeni kutwa. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Ya tatu ndiyo! Unaburuta kidole popote kwenye simu, mshale kule unafuata kwa adabu. Mtetemo hauharibu kitu. Kasoro moja: kila ukiunganisha, mtu wa nyumbani lazima abonyeze "Ruhusu", na akibaki pale anaona kila herufi. Lakini kuna kitufe cha kuzima skrini ya kule. Mimi nafanya kazi, yeye anaona giza tu. Nimefurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi.

Niandike hapa kwanza, mkono uzoee. Miaka thelathini na minane iliyopita nilikuwa mkuu wa kituo cha kupimia mvua, shemeji msaidizi wangu. Msimu mzima sikupanda kilimani kusoma kipimo. Nilibuni vipimo mezani, chai pembeni. Wakaguzi walipogundua, wakamshuku yeye. Nikanyamaza. Akafukuzwa, akaishia kushona viatu. Hajawahi kuniuliza. Hata siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Shemeji kabonyeza "Ruhusu", spika ya simu iko wazi. Kidole kikasimama juu ya kile kitufe cha kuzima skrini. Nikajiuliza: namwomba mtu radhi huku nimemfunga macho?

Sikukibonyeza. Nikaifungua barua.

Nikamsikia akisoma kwa kunong'ona. Nikaendelea, herufi moja moja: *Vipimo vile nilivibuni mimi. Yeye hakuhusika.*

"Shemeji," akasema mwishowe, "hapo juu umekosea. Hawakunifukuza Aprili. Ilikuwa Mei, tarehe tisa."

Nikamwambia ni kweli, nisamehe, lakini kidole kimechoka, siwezi kurudi huko juu.

Nimesikia kiti kikivutwa karibu na meza.

Simu nimeilaza juu ya shuka, mkononi nina kalamu hii tu. Mshale unapanda kwenye barua, mstari kwa mstari, taratibu. Si mimi ninayeusogeza.