Viwiko vya Jaketi la Bluu

Downsview, Jumamosi, Novemba 2011

Lakini kwa nini wamehamisha mfuko? Jaketi jipya la flisi, kile kitambaa chenye manyoya laini, ni la kampuni ile ile ya lile langu la zamani, bluu ile ile, ila kila nikitafuta zipu ya kifuani naishia kujipapasa kama mtu aliyeibiwa. Leo kazini wamenicheka.

Jioni nimeyatandaza yote mawili kitandani. Binti yangu Neema akauliza, kwa Kiingereza chake, hili kuukuu nalitupa lini.

"Wewe, hili nililinunua mitumbani Mbeya kabla hujazaliwa, kabla sijaja huku ng'ambo. Nililigombania robota lilipofunguliwa!"

Akacheka. "Kwa hiyo lilitoka huku, likaenda Mbeya, mama ukalirudisha?"

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nikaligeuzageuza. Kiwiko cha kushoto nilikikuta kimeshachakaa. Kuna mtu wa huku aliuegemea mkono huo miaka mingi, sijui dirishani kwenye basi, sijui mezani akisubiri simu. Cha kulia nimekimaliza mwenyewe, kwenye meza ya kufungia maboksi.

Alikuwa nani? Huenda tunapanda basi moja, na mimi nimevaa jaketi lake...

Kesho nalipeleka kwenye sanduku la nguo kuukuu, na zinakoishia nakujua: mitumbani kwetu. Roho inaniuma kidogo, maana sina hakika kama hili jipya litaiweza baridi ya Januari.

Huko sokoni mtu atalishika, ataangalia viwiko, atasema mwenye nalo alikuwa mvivu huyu, kazi yake kuegemea tu. Atadhani tulikuwa mtu mmoja.