Bolti Kwenye Trekta la Baba

Kijito cha Salmi, Michigan
Jumapili, 17 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Dale,

Salamu nyingi zikufikie huko Arizona kwenye jua lako. Natumaini u mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwaka jana umekuachia. Sisi huku ni wazima kwa kadiri wazee wanavyokuwa wazima: mimi nina magoti, Baba ana moyo. Kadi yako ya Krismasi niliipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili kadi yenye mistari minne. Mstari wa mwisho ndio ulioniganda rohoni, ule unaosema hutakanyaga hapa mpaka Baba atamke kwa kinywa chake kwamba hukumdanganya. Barua hii ni jibu la mstari huo. Ni ndefu, kwa hiyo jimiminie kahawa kwanza.

Nianze na Baba, maana najua unataka habari zake ingawa humtaji. Wiki ya pili ya Januari alianguka nje, kati ya banda na chumba cha kuogea mvuke. Hakuvunjika mfupa, ila walipompima mjini daktari alisema moyo umechoka sana, pengine atayaona majani mapya ya Mei, pengine hatayaona. Baba akamjibu kwamba hata trekta lake limechoka tangu mwaka 1988 na bado linawaka. Nesi alicheka, mimi nikashindwa. Basi nakuambia mapema ninachokiomba, usije ukafika mwisho wa barua ukiwa bado unanitilia shaka: nataka uje nyumbani, Dale, wakati bado yupo wa kumjia.

Theluji ya mwaka huu haina adabu. Inaanguka kama iliyotumwa kutukomoa. Na safari hii mimi ndiye niliyelifunga trekta kwa ajili ya baridi. Unakumbuka ile Jumamosi ya mwisho ya Oktoba ilivyokuwa sikukuu yenu wawili, na mimi kazi yangu kuwaletea kahawa bandani. Sasa ilikuwa zamu yangu kulala chali kwenye saruji. Nilikitoa kile kifaa cha kukatia majani tumboni mwa trekta, nikaliburuta lidude la kurushia theluji kutoka ukutani na kulipachika mbele, nikavisha matairi minyororo, nikaning'iniza vyuma vya uzito nyuma ili trekta lisinyanyue makalio kila likisukuma. Ilinichukua saa saba. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye amri, mimi mikono. Mara mkanda umepinda, mara mnyororo umelegea, mara ananiuliza kama hiyo spana nimeishika au nimeisalimia. Nikamwambia kama kazi ni rahisi hivyo ashuke ndooni aifanye. Akasema mfalme hateremki kitini kwa sababu ya kijakazi mwenye mdomo.

Ndivyo tunavyoishi. Asubuhi, greda la kaunti likishapita na kutuachia tuta la barafu mlangoni mwa barabara, navaa koti lako la zamani, lile la kahawia lenye mfuko uliochanika, napanda trekta na kuanza ng'ambo ya barabara kwa Bi Impi Rautio. Sheria ya Baba haijabadilika: njia ya mjane kwanza, yetu baadaye. Na Bi Impi naye hajabadilika. Ana miaka themanini na moja, na bado anafika kwenye kibaraza na mkate wa iliki umefungwa kitambaani. Ukitaka kumtukana mtolee pesa yako, na ukitaka kumtukana zaidi kataa mkate wake. Ananiangalia nikipita, kisha anasema naendesha kama mtu anayetafuta sindano, kwamba Dale alikuwa akimaliza kabla kahawa haijapoa. Nikamwambia Dale alikuwa akimaliza upesi kwa sababu theluji yote alikuwa akiirushia kwenye waridi zake. Akasema afadhali waridi zife kuliko kuniangalia mimi nikigeuza hilo trekta.

Analitaja jina lako hivyo tu, bila woga, na mimi nasimama pale na injini inanguruma, nikitamani alitaje tena. Kwetu halitajwi. Nimekukumbuka, Dale. Nakuambia wazi kwa sababu umri wa kuzungukazunguka umenipita. Nakukumbuka hasa asubuhi zile baridi inapokuwa kali mpaka theluji inakuwa kavu kama unga, inapanda juu kwenye lile bomba la kuirushia na kuanguka mbali bila sauti, na hakuna mtu wa kumwambia tazama. Nakukumbuka ulivyokuwa ukiimba juu ya trekta ukidhani injini inakuficha. Haikukuficha hata siku moja. Kijiji kizima kilijua huna sauti.

Na Baba, usidhani amekusahau. Jina lako halimtoki kinywani, lakini kila theluji ikianguka ananiambia nikimaliza kwa Bi Impi na kwetu, niendelee hadi kwenye nyumba yako ndogo kule nyuma ya misonobari. Hakuna anayeishi mle isipokuwa panya. Nilimuuliza mwaka wa kwanza kwa nini tunachoma mafuta kufungua njia ya panya. Akasema nyumba isiyofikika huoza. Mwaka wa pili sikuuliza tena. Miaka kumi na minne, njia ile imefunguliwa kila theluji, kwanza na yeye mwenyewe, sasa na mimi, upana wa kutosha gari moja.

Sasa nikufikishe kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumanne iliyopita greda lilizika furushi la magazeti ndani ya tuta letu, nami sikuliona. Nikaliingia na trekta moja kwa moja. Tak, lile parafujo kubwa linalosaga theluji likasimama. Pini ilikatika, kama inavyopaswa. Unajua Baba alivyokuwa akituimbia tangu tukiwa wadogo: pini ile imefanywa laini makusudi, ikatike yenyewe ili giaboksi ipone, na mtu anayechoka kubadilisha pini akaweka bolti ngumu mahali pake anaokoa dakika kumi na kuua mashine. Basi Baba akatoka na fimbo yake, ingawa amekatazwa, akatoa pini mpya mfukoni mwa koti. Anatembea nazo, Dale, kama watu wengine wanavyotembea na dawa zao. Akasimama juu yangu nikiifunga. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama anayezungumza na theluji, kwamba yule kijana angekubali tu siku ile kwamba bolti ni yake, angegombezwa mlo mmoja na yakaisha. Mikono mibovu aliweza kuisamehe, alisema, ulimi mbovu ndio uliomshinda.

Nilikaza ile nati mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijua siwezi kuivuka wiki hiyo nikiwa kimya.

Siku ile ya Machi unaijua kwa upande wako. Acha nikueleze kwa upande wangu. Ulikuwa umekwenda kwa Bi Impi alasiri, ukakutana na gogo la kuni lililozikwa, na badala ya pini kukatika giaboksi ikapasuka vipande viwili, mafuta yake yakamwagika kwenye theluji. Baba alikuja mbio. Alipochomoa ile bolti ngumu akaiinua juu mbele ya Bi Impi na wanawe waliokuja kumtembelea, akakuuliza nani ameiweka. Ukasema si wewe. Akauliza tena, ukasema tena si wewe. Mimi nilikuwa nimesimama kibarazani na birika la kahawa mkononi. Akanigeukia akaniuliza kama mimi najua. Nikasema sijui.

Nilijua. Niliiweka mimi, Dale, asubuhi ya siku hiyohiyo. Wiki hiyo nilikuwa nimevunja pini tatu, boksi lilikuwa tupu, na nilipaswa kuwa jikoni shuleni saa kumi na mbili na nusu, watoto mia mbili wakisubiri uji wao. Duka lilikuwa maili kumi na nane. Nikapekua lile kopo la kahawa lenye misumari, nikapata bolti inayoingia, nikajiambia ni ya leo tu, jioni nitaitoa. Jioni haikufika. Wewe ulilichukua trekta kabla sijarudi, kwa sababu una roho nzuri na ulitaka Bi Impi atoke aende kanisani kwa ibada ya jioni.

Nimekuwa na miaka kumi na minne ya kutafuta sababu ya lile neno moja. Mara najiambia niliogopa. Mara najiambia nilidhani mtanuniana wiki moja kama kawaida yenu, nami ningemwambia Baba taratibu atakapopoa. Kisha ukafunga mizigo, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kuzito zaidi, mpaka nikawa mtu anayekuandikia kila Krismasi kuhusu hali ya hewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ulimlaumu Baba kwa kutokuamini, na Baba alikulaumu kwa kusema uongo, na aliyewala nyote wawili alikuwa akiwapikia.

Alhamisi nilimwambia. Tulikuwa mezani. Sikuzunguka, nilisema tu kwamba bolti ilikuwa yangu. Akaweka kikombe chini. Aliniuliza swali moja, kama nilikuwa pale kibarazani aliponiuliza. Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda chumbani kwake.

Siku mbili hakunisemesha. Chakula changu hakukigusa, alikula supu ya Bi Impi, na Bi Impi alipokuja Baba alimwambia yeye, mimi nikiwa nimesimama palepale, amwambie yule mwanamke afunge mlango, baridi inaingia. Siku mbili tu, na nyumba ilinishinda. Nililia kwenye banda kama mtoto, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nalilia siku mbili na wewe umebeba miaka kumi na minne.

Leo asubuhi ametoka amevaa shati la kanisani. Hakwenda kanisani. Aliniambia nimwite Bi Impi, na alipokuja akamketisha na kumwambia kwamba mwaka ule alimwita mwanawe mwongo mbele yake, na sasa anataka kulifuta neno hilo mbele yake vilevile, kwa sababu Dale hakudanganya. Bi Impi alilia. Alipomaliza kulia akamwambia Baba kwamba yeye alilijua hilo siku ileile, kwamba ungekuwa mwongo ungetunga uongo mzuri zaidi, na kwamba masikio aliyopewa na Mungu si ya kushikilia kofia. Baba akasema anastahili maneno hayo. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote.

Kisha akaniuliza kama nina karatasi. Mkono wake hauwezi tena kuandika, kwa hiyo haya ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

Dale. Ulisema kweli. Nilikuuliza mara mbili na mara zote mbili ulinijibu kweli. Dada yako alikosa, lakini aliyekufukuza ni mimi. Nilikuwa nakufahamu tangu ulipozaliwa na bado niliiamini bolti. Nisamehe ukiweza. Njoo hata kama huwezi.

Hayo ndiyo uliyoyataka, na umeyapata. Yangu mimi sikuombi uyasamehe, sina uso wa kuomba. Nimewaza hivi: ukija, siku zote utakazokuwa hapa nitahamia ng'ambo kwa Bi Impi. Nimeshamwomba, amekubali, ameniandalia kile chumba cha mbele. Utakuwa na Baba peke yako. Chakula nitapika nitaleta mlangoni niondoke, na hutalazimika kunisalimia. Chumba kile kina dirisha linaloangalia barabara. Nitakuona ukishuka garini, na hilo litanitosha.

Baba anakusalimu. Bi Impi anakusalimu, anasema usije na viatu vya Arizona. Pokea na salamu zangu, kama utazipokea.

Ni mimi dada yako,
Marlys