Majaji wa Malta

Makina, Kibera,
Nairobi.
21 Agosti 2025

Mpendwa dada Malika,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya njema, wewe, shemeji na mtoto. Sisi huku tupo, alhamdulillah. Baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka. Tangu Julai hatujaona jua la kuanika nguo, na goti la Mama limevimba tena, lakini anatembea mpaka msikitini na kurudi bila kushikwa mkono. Haboba anakula vizuri kuliko sisi wajukuu wake. Wiki jana alidai apikiwe uji wa tende, akamaliza bakuli zima.

Ndugu yetu Khalid amehama na familia yake, sasa wako Ayany. Nyumba ni ndogo kuliko ile ya kwanza lakini maji hayapotei. Shangazi Hadia amemwoza binti yake wa mwisho mwezi wa sita. Tulipaka hina, tukaimba, ila Mama alisema ngoma za siku hizi zinakimbia kama zina haraka ya kwenda kwingine.

Mimi bado nashona. Cherehani ni ile ile, na wateja wengi ni wanafunzi wanaotaka sketi zipunguzwe.

Sasa dada, kuna jambo limenikaa kifuani na sijapata mtu wa kumwambia. Linahusu lile shindano letu la nyimbo.

Wewe ndiye uliyelianzisha, hata kama hukukusudia. Mwaka ule wa kwanza ulipofika Uswidi ulitutumia Eurovision, tukaitazama kwa simu ya Khalid iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Ndipo mimi na rafiki yangu Valerie wa Kawangware tukafungua grupu letu. Ulikuwa nasi mpaka mwaka juzi, kwa hivyo unajua mambo yanavyokwenda: kila mtu anashika nchi, analeta wimbo mmoja wa nchi hiyo, tunasikiliza zote wiki nzima, kisha kila mmoja anagawa pointi, kumi na mbili kwa wimbo anaoupenda zaidi, kumi kwa wa pili, mpaka moja. Tumefika watu ishirini na wawili. Wengine wako Kisumu, wengine Eldoret, na kuna mmoja yuko Doha. Wengi wetu hatujawahi kuonana.

Sheria iliyo kali ni moja tu. Ukileta wimbo halafu usipige kura, wimbo wako unaondolewa. Bila hiyo kila mtu angeleta wake na kukimbia.

Yule aliyeshika Malta unamkumbuka. Picha yake ilikuwa bendera, na jina lake hakuna aliyelijua. Kila raundi kura zake zilifika kwanza, na hakuwahi kuandika "mimi". Aliandika: "Majaji wa Malta wamekaa, wamesikiliza, wameamua." Wewe mwenyewe ulimwuliza kama majaji wake huvaa zile nywele za bandia za kortini, akakujibu kwamba hawavai kitu, wao hufanya kazi wakiwa wamelala. Tulicheka sana siku hiyo.

Raundi ya Julai alileta wimbo wa mwanamke mmoja na gita, basi. Ulipendwa na kila mtu. Kura zilipoanza kuingia Malta alikuwa mbele, na mimi ndiye ninayejumlisha, kwa hivyo niliona kabla ya wengine. Lakini kura zake mwenyewe hazikuja. Jumapili ikapita. Tukaongeza siku mbili. Nikamtumia meseji tatu, kimya.

Valerie akasema atolewe. Nilikubali, tena kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilihisi tumedharauliwa. Niliandika kwenye grupu kwamba Malta ametumia masikio yetu na kutunyima yake, ametolewa. Watu wakamwaga stika za kucheka. Ushindi ukaenda kwa Adhis wa Kisumu, aliyeshika Ugiriki.

Ningeishia hapo, dada, ingekuwa afadhali. Lakini nilimwandikia Malta peke yake, kwa namba yake: "Kila siku majaji, majaji. Leo majaji wako wote wamekufa ama?"

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nikiwa nimeketi kwa cherehani. Nakuandikia lilivyokuwa: "Mwenye simu hii ni Muiruri. Alituacha tarehe nane Julai. Mimi ni mama yake. Nataka kujua alikuwa amewakosea nini."

Tarehe nane, Malika. Kura zilikuwa zinafungwa tarehe kumi na tatu. Nilikuwa nikimtukana mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilimpigia Valerie, naye akapiga ile namba kuomba tuje kutoa pole. Unajua walikokuwa wanaishi? Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, dakika kumi kwa miguu kutoka dukani kwa Valerie. Miaka minne alikuwa akituandikia kutoka hapo.

Ni watu wa zamani pale, wenye ploti yao. Mbele kuna vyumba vya kupangisha, nyumba yao iko nyuma, na kando kuna kashamba kadogo ka sukumawiki. Mama yake alitupokea amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi. Hakutukaribisha kuketi. Alimtazama Valerie, akanitazama mimi na mtandio wangu, akauliza, "Nyinyi ndio wa ile kesi?"

Valerie akasema, "Kesi gani, mama?"

"Hii." Akatoa simu ya mwanawe mfukoni. "Hapa wanasema majaji. Wanasema kura. Wanasema ametolewa. Mtoto wangu alikuwa na kesi kortini na hakuniambia. Kama mmekujia ploti, mjue imeandikwa jina langu, si lake."

Dada, huyo mama alikuwa amekaa na hofu hiyo tangu alipofungua simu. Badala ya kumlilia mwanawe kwa amani, alikuwa anangoja watu wa korti waje wamtoe kwake.

Valerie ndiye aliyemweleza, polepole, kwamba ni mchezo wa nyimbo, hakuna korti, hakuna kesi. Mama akaketi. Akasema, "Kumbe hakuwa na kesi." Akairudia mara mbili. Kisha akatuambia Muiruri alikuwa mgonjwa wa figo. Miaka minne alikwenda hospitali kila Jumanne na Ijumaa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Akaomba asikie huo wimbo. Nikauweka. Aliusikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu. "Sielewi hata neno moja," akasema. "Ni mzuri lakini. Ulikuwa namba ngapi?"

Nikasema, "Namba moja, mama. Ulishinda."

Sijui kilichonisukuma. Valerie alinigeukia, sikumtazama. Yule mama alilia kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Alituchemshia chai, akasema Jumapili atawaambia akina mama wenzake kanisani kwamba Muiruri alishinda mashindano.

Tulipofika nje Valerie akasimama katikati ya njia. "Wee Suad, umemwambia mathe wa watu nini?"

"Ungetaka nimwambie nini? Kwamba tulimtoa?"

"Hukulazimika kusema chochote."

Na ile meseji ya majaji kufa? Mama aliisoma, nina hakika, iko kwenye simu ile ile. Hakuniuliza nani aliyeiandika. Labda hakujua ni mimi, labda alijua na akanionea huruma. Nilikunywa chai yake, nikanyamaza.

Tukiwa kwake alikuwa ametutajia mwalimu mmoja aliyefungwa mashine pamoja na Muiruri, aliyekuja mazishini akitembea kwa shida. Anaitwa mwalimu Aoko, anaishi Nyayo Highrise. Kutoka kwetu ni mwendo mfupi, kwa hivyo Jumamosi nilikwenda peke yangu. Nilikuta mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mikono imejaa vinundu vya sindano. Nilipojitambulisha kuwa wa shindano la nyimbo, akasema, "Wewe ni nani? Ujerumani?"

"Mimi ni Ureno."

"Ureno! Wewe hutuletea nyimbo za huzuni kila mara. Ndululu alikuwa hakupendi."

Hapo ndipo nilipowajua majaji wa Malta. Walikuwa wanne: Muiruri, mwalimu Aoko, Ndululu ambaye alikuwa dereva wa lori, na mzee mmoja fundi wa saa. Mashine zao zilipangwa mstari mmoja. Muiruri alileta spika ndogo, wauguzi wakamruhusu, na kila raundi walisikiliza nyimbo zote wakiwa wamelala na mirija mkononi. Walibishana. Mwalimu anasema mzee wa saa aliwahi kukataa kuzungumza na Ndululu Jumanne nzima kwa sababu ya wimbo wa Ufini. Muiruri aliandika pointi kwenye daftari, na hakuna wimbo uliopata kumi na mbili mpaka watatu kati ya wanne wakubali.

Mzee wa saa alikufa Januari. Ndululu alichukuliwa na jamaa zake, wakampeleka kwao Machakos, na namba yake haipiti. Kisha Muiruri.

"Ile ya mwisho tulikuwa tumeamua," mwalimu akaniambia. "Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Ilikuwa Ijumaa. Akasema atatuma akipata nguvu." Akafungua Biblia yake, akanipa karatasi iliyochanwa daftarini. Kura zilikuwa zimekamilika, kwa mwandiko wake, kumi na mbili mpaka moja. Juu ameandika tarehe: nne Julai.

Nilitoka pale na karatasi hiyo karibu nikikimbia. Niliona njia ya kuugeuza uongo wangu uwe kweli. Kura zilipigwa kabla ya kufungwa, hazikutumwa tu. Zikikubaliwa, wimbo wake unarudi, na ukirudi unashinda. Nilijumlisha mara mbili: Malta kwanza, Ugiriki pili.

Valerie alikataa. Tulikuwa dukani kwake, wateja wanasubiri kuchapishiwa karatasi zao. Nilimwomba, nikamfokea, nikaomba tena.

Akaniambia, "Unamkumbuka Daisy?"

Daisy alishika Aisilandi. Mwaka jana hakupiga kura kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Alituomba siku tatu tu, tukamnyima, tukamtoa, naye hakurudi tena.

"Nikimrudisha Malta, nimwambie Daisy nini?" Valerie akasema. "Kwamba mama yake angekufa tungemhurumia? Suad, mimi sina roho mbaya. Lakini tulimtoa aliye hai kwa sheria hii."

Hapo nikasema maneno mabaya. Nilimwambia anapenda sheria kwa sababu hana mtu. Unajua Valerie alivyoachwa na mumewe. Akachukua karatasi ya mteja, akaendelea kuchapisha.

Jioni hiyo nikaandika kwenye grupu yote niliyoyaona, habari za Muiruri, za mama yake na za mwalimu Aoko. Yote isipokuwa ile meseji yangu. Adhis aliandika kwamba hataki ushindi huo tena, Malta apewe. Mwingine akasema tusigeuze mchezo kuwa matanga. Mwingine akauliza kwa nini hakutuambia kuwa ni mgonjwa, kana kwamba tuliwahi kumwuliza. Kisha wakaanza kutoka, mmoja, wawili, bila kuaga. Siku ya tatu Valerie akafunga grupu. Tangu siku hiyo hatujasalimiana.

Nilirudi kwa mwalimu Aoko. Nilifikiri ningempelekea nyimbo, tusikilize sisi wawili, kazi ya majaji isikatike. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Usiniletee, mwanangu. Nikisikia wimbo sasa naangalia kile kitanda. Kuna msichana mwingine amelala hapo, na sitaki kumchukia." Nikakaa naye kidogo, nikamsaidia kukunja nguo, nikaenda zangu.

Mama yake Muiruri bado anaamini mwanawe alishinda. Mara mbili nimefika mpaka Kawangware nikiwa nimejiandaa kumwambia ukweli, na mara zote mbili nimegeuka langoni nikarudi. Niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Hapo ndipo ninapofika kwa lililonifanya niandike kwa mkono. Wewe hujanijibu tangu Idi ndogo. Meseji zangu zinaonyesha tiki moja tu, hazijafika kwako. Nikimwuliza Khalid anasema usijali, Malika ana shughuli, Ulaya watu hawana muda. Zamani ningekubali, nikakununia, halafu nikakutumia neno kali. Sasa siwezi. Mtu akinyamaza, natafuta wa kwenda kumwona.

Kama ni hasira, kama nilikukosea ulipokuwa kwenye grupu au nje yake, nisamehe. Kama ni ugonjwa, usitufiche. Kama ni nyumba imekuwa nzito, kwa Mama kuna kitanda.

Binamu yetu Shafi anasafiri Jumatano, kazi yake inampeleka huko kwa miezi mitatu, na ndiye anayebeba barua hii. Nimemwambia asiiache mlangoni, asimpe jirani, wala asimpe shemeji. Akuone kwa macho yake, kisha anipigie akiwa bado amesimama mbele yako. Nimemwambia nitakaa na simu mkononi.

Mama anakusalimu sana. Haboba anakuombea kila swala. Shangazi Hadia na Khalid na watoto wake wote wanakusalimu. Mbusu mtoto kwenye paji la uso, mara moja kwa kila mmoja wetu.

Mungu akufunike mahali ambapo mikono yetu haifiki.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda ukijibu na usipojibu,

Suad