Mtungi Niliouona Gerejini

Warwick,

Uliniambia mtungi wa gesi ya kaboni wa tangi langu la matumbawe umeupeleka kujazwa. Asubuhi hii nimeukuta gerejini, umeunganishwa na pipa lako la bia. Wenzako wa raga wamekunywa mpaka wakaimba, matumbawe yangu yamelala njaa. Bila gesi ule mtambo wa tangini hauyeyushi chokaa, na bila chokaa hayakui.

Urudishe leo. Fungua koki polepole, mapovu yapite moja moja. Ukiachia mengi, maji yataingia asidi, utayaua yote.

~~Mwambie Bronte akusaidie.~~ Mwache mtoto, fanya mwenyewe.

Soseji za jana ziko kwenye friji. Bomba la pipa la bia ninalo kwenye mkoba. Nimelipeleka kujazwa.

Mama Bronte