Zabuni ya Piano ya Ruthu

Jumamosi, 1 Februari 2025

Tumekwenda Kizota kumwona mwalimu wa piano. Mwalimu Gerson. Chumba chake kimepakana na karakana ya samani — mashine ya kuranda mbao inalia mpaka unasikia kwenye fizi. Ndani, watoto saba na kinanda kimoja. Mmoja anapiga kinanda. Sita wanapiga vipande vya plaiwudi vilivyochorwa kinanda kwa kalamu nyeusi. Wanapiga kwa bidii, vichwa vinayumba, na kwao hakuna kinachosikika!

Mume wangu, Octavian, akauliza hao sita wanafanya nini. Mwalimu akasema wanapiga piano. Vidole vinajifunza kwanza, sauti itafuata. Ila kama hatutaki darasa la kundi, yeye anakuja nyumbani, mtoto mmoja, nusu saa, kinanda anakipakia kwenye bodaboda.

Mimi nataka kundi. Binti yetu Ruthu ana miaka tisa na tangu tuhame kutoka Mbeya mwezi wa saba hajapata rafiki hata mmoja. Mwalimu wake wa shule anasema anajibu kwa kichwa tu. Octavian hataki hata kusikia. Mwanangu mimi apige ubao?

Jumapili, 2 Februari

Mume wangu ni afisa manunuzi. Baada ya kanisa ametoa jedwali — vigezo, alama, jumla. Kamati ya tathmini watu watatu: yeye mwenyekiti, mimi katibu, mama yake mjumbe. Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili, ametoka Gulwe kutibiwa macho.

Kigezo cha kwanza: uwepo wa chombo halisi. Kundi sifuri. Nikasema tuongeze kigezo cha marafiki. Mwenyekiti akasema hakipimiki. Mama akauliza huyo mwalimu anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Nimeagizwa niliandike swali hilo kwenye muhtasari.

Mwenye piano yake hakuulizwa. Nikamfuata chumbani. Ruthu, unataka usome peke yako au na wenzako? Akapandisha mabega.

Mshindi wa zabuni: masomo ya peke yake.

Jumatano, 5 Februari

Mwalimu kafika saa kumi, kinanda kimefungwa kwenye shuka, kama anahama. Chai ya maziwa.

Ruthu amekaa mbele ya kinanda, amekalia mikono yake. Nusu saa! Mwalimu kaimba, kabembeleza, kajifanya amesahau do iko wapi. Octavian kasimama nyuma ya mtoto na fomu ya maendeleo. Wapi! Mtoto amekauka.

Mama akaona aibu. "Mwalimu atoke Kizota kote huko bure?" Akavuta kiti, akainamisha uso mpaka pua inakaribia kinanda, akabonyeza kitufe kimoja. Akacheka peke yake. Chai haijapoa, tayari ana do, re, mi.

Ruthu alikuwa ameshatorokea jikoni.

Jumatano, 12 Februari

Ruthu hakutoka chumbani. Mama kavaa kitenge kipya. Mwalimu anasema hajawahi kupata mwanafunzi mwepesi namna hii, na ameahidi kumwachia kinanda mpaka kesho afanye mazoezi. Leo mama alitakiwa kliniki ya macho. Hakwenda. Ati macho yamemsubiri miaka mingi, siku moja zaidi si kitu.

Octavian amejaza fomu. Maendeleo: mazuri sana. Mwanafunzi: siye.

Jumamosi, 15 Februari

Octavian yuko Mpwapwa kikazi. Nimempeleka Ruthu kwenye kundi. Bila kamati!

Kapewa ubao, kakaa jirani na msichana anaitwa Penina, mfupi, ana pengo. Mwalimu anaimba noti, watoto wanapiga. Mimi mlangoni, nachungulia. Katikati Penina akamgeukia: umekosea. Ruthu akamtazama. Nikajua basi, sasa analia, tunaondoka.

"Wewe ndiye umekosea. Ya kwako iko chini."

Kwa sauti! Mwanangu! Nikatoka nje nikasimama na mafundi. Mmoja akaniuliza, mama, vipi? Nikamwambia vumbi la mbao.

Njia nzima Ruthu kaongea. Ubao wa Penina una msumari kwenye fa, ndiyo maana anairuka. Ubao wa yule wa mwisho una sauti mbaya. Nikasema lakini mama, mbao hazina sauti. Akaniangalia kwa huruma.

Jumatatu, 17 Februari

Octavian amejua. Mama yake kamwambia, akidhani ni habari njema.

Kikao cha dharura. Nimekiuka utaratibu. Eti tunanunua ukimya! Nikamwambia huo ukimya ndio umemfanya mtoto aongee. Hakuamini. Akamwita: Ruthu, ulisema nini huko Kizota? Akapandisha mabega.

Uamuzi: tarehe moja Machi Mwalimu anawaonyesha watoto kwa wazazi. Ruthu apige kinanda chenyewe, baba yake asikie kwa masikio yake. La sivyo ni peke yake, nyumbani, na shauri limefungwa.

Jumamosi, 22 Februari

Ruthu amekataa zamu yake ya kinanda. Kinanda kiko mbele, Penina yuko nyuma. Ndiyo sababu yake yote. Mbaya zaidi, wengine nao sasa wanataka mbao. Kinanda kimekaa bure, Mwalimu kajishika kiuno. Wiki moja imebaki.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika hapa hapa Kizota, daftari magotini, maana nisipoandika nitapiga kelele.

Wazazi wamejaa. Mafundi wamezima mashine kwa heshima, wamebanana mlangoni. Octavian kavaa shati la ofisi, ana jedwali. Mama kafungua shughuli na wimbo wa kanisani kwenye kinanda, kapigiwa vigelegele, akarudi kukaa kati yetu anatoka jasho.

Kisha Mwalimu akamwita Ruthu kwenye kinanda. Ruthu akasimama. Akachukua ubao wake. Akaenda kukaa na Penina.

Watoto wanane, mbao nane. Mwalimu hana la kufanya, kahesabu: moja, mbili, tatu. Wakaanza.

Kimya. Vidole tu, tuku tuku tuku. Dakika ya kwanza wazazi wanatabasamu. Ya pili wanatazamana. Octavian hakuweza kuvumilia, akasimama akaanza kupiga makofi, ili yaishe. Wawili watatu wakamfuata.

Ruthu akageuka. Vidole havikusimama.

"Baba, bado hatujamaliza."

Mbele ya watu wote! Makofi yakakatika. Octavian kakaa chini taratibu, kama aliyeambiwa na mkubwa wake wa kazi. Jedwali limeanguka, hajaliokota.

Bado wanapiga. Sasa hivi Octavian ameinama sikioni kwangu: wamefika wapi? Nikamwambia sijui, muulize mama. Mama kafumba macho, kidole juu.

"Nyamazeni. Ubeti wa pili."

Octavian anawatazama watoto mikono. Ameinama tena, kwa mama yake safari hii. Anauliza beti ziko ngapi.