Shofaji Imezibwa

Jumanne, Kamembe

Eti fundi ananiambia, "Papa Neema, bantu ba hapa bafanye nini na shofaji? Huku hakuna baridi!" Maji ya shofaji, ile ya kuleta joto ndani ya gari, ilikuwa inavujia bibi yangu, mama ya Neema, kwenye miguu, basi fundi akakata mipira yake ya maji, akaiziba, akasema kazi imekwisha.

Hata hakuniuliza! Radiateri ya kupoza moteri ya hii pikapu imechoka. Kila nikipanda pori ya Nyungwe kwenda Kigali nafungua shofaji yote ivute joto ya moteri. Tunatoka jasho, madirisha wazi, lakini mshale wa joto unashuka. Leo nimejaribu mlima ya Mururu tu, na katikati ya njia mshale umeingia kwenye nyekundu, maji inachemka.

Basi Kigali siwezi kufika. Na bila kubeba mizigo, batoto batakula nini? Naogopa kabisa.

Shofaji nzima iko Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwenye duka karibu na nyumba ya mama yangu. Nimeteremka kwa miguu mpaka Rusizi II, kwenye daraja ya kuvuka. Askari mmoja kijana amesimama mbele ya daraja, Bukavu iko nyuma yake.

"Kule ni vita, Papa. Daraja imefungwa. Rudi kwenu."

Kwetu ni kule nyuma ya mgongo wake.