Uji wa msiba, Dagoretti

Dada Mwende,

Mko salama huko Machakos? Zile mbio ndefu za vilima vya Ngong nimezimaliza, ingawa kucha zangu za miguu zimebaki msituni. Karibu na soko la Dagoretti nilikuwa nakimbia huku nalia, nishaamua kuacha. Mama muuza uji akanishika mkono: "Pole, mama. Mmefiwa na nani?" Nikamwambia hakuna msiba, ni mashindano tu. Akanitazama, akanijazia kikombe. "Basi kunywa, usije ukatuletea msiba wewe." Nikacheka, miguu ikakubali. Kutoka hapo nilijidanganya kwa ule uongo wako wa kila Jumapili, tulipokuwa tukipanda kilima cha nyumbani na chupa ya chai: "Tumekaribia."

Asante, mwongo wangu. Mungu akutunze.

Ndinda